Jinsi Nilivyoipandisha Bodi ya Shule Mtumbwini

Jumapili, 14 Septemba 2025

Pigo! Naandika kabla kengele ya prepu haijalia.

Madam Dinah, mwalimu wetu wa maktaba, amenifuata maktabani baada ya chakula cha mchana, akafunga mlango. Huwa hafungi mlango. Akaniambia niketi. Nilikuwa nimeketi. Akasema Bodi ya shule itapiga kura Ijumaa ya tarehe 26: chumba cha maktaba kibaki maktaba, au kipewe klabu ya densi kwa ajili ya spika na mavazi yao.

Spika! Ndani ya chumba chenye vitabu mia nne na kumi na viwili! Nimevihesabu mwenyewe, mara tatu.

Sababu ni kwamba densi walileta kombe na maktaba haijawahi kuleta kombe. Isitoshe, daftari la wasomaji la mwaka huu lina majina kumi na moja, na tisa kati yake ni jina langu.

Madam amenieleza hesabu ya kura. Bodi ina watu watano na kikao hakifanyiki bila wanne. Bwana Wanyoike yuko Nairobi na hajaonekana tangu achaguliwe, kwa hiyo wanne waliobaki lazima wote wawepo. Mzee Kipkosgei na Bi Roselyne ni wa densi, hawafichi. Bwana Wanjala hajaamua. Mwenyekiti, Mama Phelista, muuguzi mstaafu, pia hajaamua. Kura zikilingana, Mwenyekiti ndiye anayekata. Kwa hiyo maisha ya maktaba yako mikononi mwa watu wawili: Bwana Wanjala na Mama Phelista. Nikiwapata hao, nimeshinda.

Nilipotoka nilimkuta Tonny, mwenyekiti wa densi, akipima mlango wa maktaba kwa hatua. Akaniambia, "Niaje, msomi? Utatubebea hivi vitabu ama tulete mkokoteni?"

Jibu zuri lilinijia baada ya saa moja, nikifua soksi.

Jumatatu, 15 Septemba

Nina mpango!

Kuna jarida la zamani kwenye rafu ya chini, lile lililoliwa na mchwa upande mmoja. Ndani mna picha za wazee wa Ulaya wakisafiri kwa meli mtoni. Wanateremka sokoni, wananunua vikapu. Wanateremka kijijini, wanaimbiwa, wanakunywa chai. Wote wanatabasamu. Nimezitazama picha zile tangu kidato cha kwanza na sijawahi kujiuliza: sisi tumekosa nini?

Mto tunao. Nzoia inapita nyuma ya shamba la shule. Soko lipo kivukoni kila Jumamosi. Kijiji kipo, nyumbani kwa Mzee Kipkosgei, ambako mkewe hutengeneza mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni. Na mtumbwi upo, wa Mjomba Daud, anayechota mchanga.

Nitaipeleka Bodi safari ya mto! Wote watajua kwamba kila kitu kimepangwa kwa vitabu: ramani, historia, fizikia. Nani ataifunga maktaba baada ya hapo?

Niliandika pendekezo la kurasa tisa. Madam alisoma ukurasa wa kwanza, akaniuliza kama nimewahi kupanda mtumbwi. Nikamwambia nimesoma sana juu yake. Akasema sawa, mradi na yeye awepo na kila mtu aelee.

Nilimpigia Mjomba, yuko Bungoma, kwa simu ya Madam. Akauliza ni tani ngapi. Nikasema ni watu. Akasema watu ni wabaya kuliko mchanga, kwa sababu mchanga ukiuweka unakaa.

Nilimpigia Mama pia, yuko Kitale dukani kwake. Nikamweleza mpango wote. Akauliza kama ninakula.

Jumatano, 17 Septemba

Fomu zimerudi. Niliuliza mambo matatu tu: jina, uzito, na kama mtu anajua kuogelea. Sikuona haja ya kuuliza kingine.

Mama Phelista ameandika kilo sitini. Astaghfirullah. Mimi si mtu wa kushuku watu wazima, lakini nimeona benchi la ofisini likimpokea. Nimeandika kando, kwa penseli, tisini na nane.

Bwana Wanjala ameandika mia moja na nne. Huyo ni mtu mkweli. Kwenye kuogelea ameandika "sana".

Na amekuja maktabani mwenyewe! Alisimama mlangoni akizungushazungusha kofia, akiangalia ukuta, akaniuliza polepole kama Mwenyekiti naye atakuwa mtumbwini. Nikamwambia hapana, Mwenyekiti atakuwa sokoni siku hiyo, amesema atatukuta kijijini kwa barabara, hata pendekezo linasema hivyo ukurasa wa nne. Akafurahi mpaka akaazima kitabu cha ufugaji wa nyuki. Jina la kumi na mbili kwenye daftari! Kura ya kwanza hiyo!

Jambo moja limenigusa. Bodi ikikaa, Bwana Wanjala hukaa nje, chini ya dirisha la ofisi, na kuchangia kutoka huko. Hata mvua ikinyesha hukaa na mwavuli wake. Nimeandika kwenye fomu yake: *Pumu. Apewe nafasi yenye hewa.*

Alhamisi, 18 Septemba

Mama Phelista ametuma ujumbe. Miguu inamsumbua, hataki barabara. Atapanda mtumbwi kivukoni, pale sokoni. Vizuri zaidi! Sijamwambia Bwana Wanjala. Itakuwa mshangao mzuri, msafara kuongozwa na Mwenyekiti mwenyewe.

Nimepanga viti kwa kanuni ya momenti, fizikia ya kidato cha pili. Wazito hukaa katikati, wepesi pembeni. Wazito wawili ni Bwana Wanjala na Mwenyekiti. Wataketi katikati wakitazamana, magoti kwa magoti, sentimita kumi. Nimekokotoa mara mbili. Kiti cha Mwenyekiti nimekiandika "M.K."

Kisha nikafanya jambo la ujasiri. Mimi ni mtoto wa mjini, wa kule karibu na msikiti, siwajui watu wa huku vizuri. Tonny ni wa Naitiri hapa hapa na anajua kila boma. Basi nikampelekea mchoro, nikamwomba aangalie kama nimekosea kitu, kama mtumbwi utasimama sawa.

Akautazama. Akautazama tena. Akafunika mdomo. Mabega yakatikisika. Nikamuuliza kama ana kikohozi. Akasema ndiyo, ni vumbi. Kisha akaniambia, "Iko sawa kabisa, bana. Usiguse hata kitu." Akaomba awe mbebaji wa maji ya kunywa!

Nimeshtuka. Kumbe mtu unaweza kumchukia mwaka mzima na ana roho nzuri hivyo.

Ijumaa, 19 Septemba

Mitungi mitupu ya njano ya lita tano, miwili kwa kila msafiri ili aelee, itafungwa mgongoni kwa kamba za magunia. Juu yake jaketi za kung'aa, tumeazima kwa watu wa boda.

Vipeperushi vya safari vimefika kutoka Kanduyi, Mjomba amevileta na lori. Jalada lina picha ya meli ya ghorofa sita baharini. Kijana wa kuchapisha alimwambia chombo kingine hana. Ndani ni sahihi kabisa.

Mjomba ametoa sheria moja. Mtumbwi wa mchanga huingiwa kinyumenyume: makalio kwanza, miguu baadaye. Anayeingia kwa mbele anaupindua. Nimeiandika sheria hiyo kwa herufi kubwa.

Kesho!

Jumamosi, 20 Septemba, asubuhi

Jua linawaka. Maji yametulia. Nimesali. Sioni kitu kinachoweza kuharibika.

Jumamosi, 20 Septemba, alasiri

Ya Rabi.

Nimeketi. Nimeinuka. Nimeketi tena. Nitaandika kwa utaratibu, kama ripoti ya maabara.

Tuliondoka saa tatu. Mjomba alikuwa nyuma na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Bi Roselyne, Madam Dinah na Mzee Kipkosgei walikuwa kwenye nafasi zao. Bwana Wanjala alikuwa katikati. Tonny alikuwa mbele na chupa za maji. Mimi nilikuwa na kipaza sauti cha shule. Wote tulikuwa na mitungi migongoni, tuking'aa. Nikasoma historia ya mto. Mzee Kipkosgei akauliza chai iko wapi. Bi Roselyne akasema ati hata kwenye ndege huwezi kuona ndege wengi hivi. Walikuwa wanafurahi! Naapa walikuwa wanafurahi!

Bwana Wanjala akauliza M.K. ni nani. Nikasema ni mgeni wa heshima. Akaitikia kwa kichwa na kunishukuru kwa hewa.

Saa nne kasoro robo tukafika soko la kivukoni. Watu walijaa ukingoni kututazama. Mgeni wa heshima alikuwa tayari, leso kichwani kwa sababu ya jua, kuku wawili mkononi. Mjomba akamvisha mitungi na jaketi, akamgeuza, akaanza kumwingiza kinyumenyume kama sheria ilivyo. Kutoka mtumbwini ulionekana mgongo tu, na mitungi miwili ya njano.

Bwana Wanjala ni mtu wa adabu. Akainuka kidogo, akaishika ile mitungi kwa mikono miwili, akaivuta taratibu akisema, "Karibu, mama, polepole, usiogope, nimekushika."

Mgeni akaketi. Mjomba akasukuma. Tukaondoka ukingoni. Ndipo mgeni wa heshima akageuka kumshukuru yule mtu mwema.

Sijawahi kuona nyuso mbili zikikosa damu kwa wakati mmoja. Mtumbwini na sokoni, kuku wale peke yao ndio waliokuwa wakizungumza.

Mama Phelista akaivuta leso ikamfunika uso wote mpaka kidevuni. Bwana Wanjala akaangalia mbingu. Magoti yao yalikuwa yanagusana! Sentimita zangu kumi ziliisha pale pale, kwa sababu hata zile kilo tisini na nane zangu zilikuwa chache. Mzee Kipkosgei akasema kwa sauti ndogo, "Mungu wangu. Msichana wangu, ni nani alipanga hivi viti?"

Nikainua mkono. Kwa fahari! Nikaanza kumweleza momenti.

Hapo Tonny akacheka mpaka akaanguka juu ya chupa za maji. Mtumbwi ukalala upande. Mama Phelista, haoni kitu ndani ya leso, akashika kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu ni shingo ya Bwana Wanjala. Akaikumbatia kwa mikono yote miwili, na kuku wawili.

Soko zima likapiga kelele. Watu walishika vichwa. Mama mmoja muuza nyanya aliketi juu ya nyanya zake.

Bwana Wanjala akatoa sauti ambayo sikujua mtu wa Bodi anaweza kuitoa. Akajitoa kwenye mikono ile. Akaruka mtoni.

Alielea! Naandika hili kwa ajili ya sayansi: mitungi ilifanya kazi. Alielea chali, kofia kifuani, jaketi likimetameta, na maji yakamchukua. Mjomba akamfuata kwa upondo. Kila tulipomkaribia, akapiga maji kwa miguu akakimbia. Madam Dinah akamwomba arudi. Akajibu bila kugeuza kichwa kwamba hawezi, Madam anajua kabisa hawezi, yule mama yuko humo. Mama Phelista, ndani ya leso, akamwambia Madam amwambie Wanjala ajikinge na mawe ya kona. Madam akamwambia. Bwana Wanjala akamwambia Madam amshukuru yule mama.

Kituo cha pili kilikuwa nyumbani kwa Mzee Kipkosgei. Kina mama walikuwa ukingoni na vibuyu vya mursik. Nilikuwa nimewaandikia kwamba mgeni wa kwanza akionekana tu, waanze. Wakamwona mtu anayeng'aa akija chali juu ya maji. Wakaanza. Waliimba beti mbili nzima, vizuri sana, mpaka akapotea kwenye kona. Alikuwa anapunga mkono. Mimi nilidhani anasalimia.

Alitoka majini ng'ambo ya pili, ambako Mjomba anasema ni Kakamega. Alifika kaunti nyingine bila viatu. Walioko huko walimwona akipanda pikipiki akiwa bado na mitungi mgongoni.

Sielewi. Kosa liko wapi? Nimerudia hesabu. Hesabu iko sawa.

Jumapili, 21 Septemba

Sasa naelewa. Afadhali nisingeelewa.

Madam amenieleza. Bwana Wanjala amemwoa binti wa Mama Phelista. Mwaka wa kumi na moja huu.

Mama mkwe! Nilimpakatisha mtu mama mkwe wake!

Nilishtuka mpaka nikakaa sakafuni. Kwa sababu sheria hiyo naijua! Nani Bungoma haijui? Mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawaketi pamoja, hawali mmoja mbele ya mwenzake. Jirani yetu mjini aliwahi kumwona mama mkwe wake akija barabarani, akaingia kwa kinyozi na kunyolewa nywele ambazo hakuwa nazo. Mimi mwenyewe nilicheka. Tatizo sikujua nani ni mkwe wa nani. Hakuna kitabu hata kimoja kati ya mia nne na kumi na viwili kinachosema!

Na lile dirisha la ofisi. Haikuwa pumu. Miaka yote ile alikaa kwenye mvua kwa heshima.

Nikamuuliza Madam kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani Mwenyekiti anakuja kwa barabara, kama nilivyoandika ukurasa wa nne. Sikubadilisha ukurasa wa nne.

Jumanne, 23 Septemba

Tonny amefanya densi mpya. Inaitwa Wanjala Mtoni. Mchezaji anaingia kinyumenyume. Mabweni yote tayari yanaicheza.

Nilimwendea, nikamuuliza kwa nini hakuniambia na alijua. Akasema, "Si uliuliza kama mtumbwi utasimama sawa? Ulisimama." Nimefikiria sana. Kwa kweli hakudanganya.

Habari kutoka kwa Bodi ni mbaya. Mzee Kipkosgei anasema hajacheka hivyo tangu ujana wake, na kura yake bado ni ya densi. Bi Roselyne vivyo hivyo. Mama Phelista hatoki nyumbani. Ametuma neno kwamba chumba kile kinafundisha watoto mambo ya ajabu. Bwana Wanjala amerudisha kitabu cha nyuki kwa mtu wa boda. Kina maji. Ndani kuna karatasi: *Wapewe densi.*

Kura nne kati ya nne. Nimeanza kutafuta makasha ya kupakia vitabu.

Ijumaa, 26 Septemba

Siamini. Siamini!

Bodi haikukaa!

Kumbe kukumbatiana kule si jambo la kusahau tu. Mpaka wazee wa pande zote mbili wakae na kulisafisha, Bwana Wanjala hawezi kuja mahali alipo Mama Phelista, hata nje ya dirisha. Na wazee wanavuna mahindi. Hawatakaa kabla ya Desemba, na Desemba shule imefungwa. Bila yeye, Bodi ni watu watatu. Bila wanne hakuna kikao. Kura imeahirishwa mpaka mwaka ujao!

Na kuna jingine. Tangu Jumatatu watu wanakuja maktabani kuniuliza safari ilikuwaje. Siwezi kusimulia mtu aliyesimama tu, kwa hiyo nawaandika kwanza kwenye daftari. Wakishasikia, wengine hubaki, wanachukua kitabu. Majina sitini na nne! Madam anasema majina hayo yakifika mia mbili kabla ya mwaka ujao, hakuna Bodi itakayotugusa. Tunahitaji muda tu, na muda tumeupata.

Madam alicheza hatua mbili za Wanjala Mtoni, hapa hapa kati ya rafu. Kisha akanishika mabega. Akasema, "Sumeya, mama, nisikize. Kaa. Soma. Usipange kitu. Usimsaidie mtu yeyote."

Nimeahidi.

Jumapili, 28 Septemba

Sijalala vizuri. Maktaba imepona, lakini imepona juu ya aibu ya watu wawili wema. Bwana Wanjala hawezi kwenda kwa wakwe zake. Mkewe hajamwona mama yake wiki nzima. Na ni mimi! Mtu hawezi kukaa tu na kusoma.

Nilimwahidi Madam, najua. Lakini hili si kupanga. Ni kurekebisha.

Nimeandika barua mbili, kila moja kurasa saba, kwa wazee wa pande zote. Nimewaomba wasingoje Desemba. Nimeeleza kosa lote ni langu, na fizikia yote. Sikuwa na wa kuzipeleka, nikakumbuka Tonny anajua kila boma.

Nikamweleza jambo lenyewe. Akanitazama. Akaniuliza kama nina uhakika kabisa. Nikasema ndiyo. Akanipa mkono! Akasema hajawahi kuona mtu mwenye moyo kama wangu, kisha akatoka mbio. Alikimbia, kweli kabisa, kilomita nne, na kurudi jasho likimtiririka. Roho nzuri ile, nilijua ipo.

Wazee wamekubali! Wameguswa na barua. Watakaa hapa shuleni Jumatano hii asubuhi, watalimaliza, na Bwana Wanjala atarudi dirishani pake. Tonny amewaza mbali zaidi. Amesema kwa kuwa siku hiyo wote wanne wanaweza kuwa hapa shuleni, Bodi inaweza kukaa mchana huo huo na kumaliza kazi zake zilizosimama. Wazo zuri. Nimeandika mialiko mwenyewe.

Sasa hivi nimemweleza Madam Dinah kila kitu. Ameweka kichwa mezani, na mabega yanatikisika.

Nadhani ni furaha.